Mkono Ukishuka

Siku mkewe alipoanguka bafuni, Kamba alikuwa mbele, kwenye chumba chake cha unyozi, hana mteja, anafuta kioo kwa gazeti lililoloweshwa maji. Kutoka kiti cha kunyolea hadi mlango wa bafu hakuna umbali wa kumchosha hata kuku: unapita pazia, unapita chumba cha kulala, umefika. Alifuta kioo mpaka kikang'aa, akajitazama, akajiona bado yumo, kisha akaanza kutoa nywele kwenye meno ya mashine. Hapo ndipo alipomwona kwenye kioo mama fundi cherehani wa nyumba ya pili akiingia mbio, futi ya kupimia nguo inaning'inia shingoni.

"Karibu fundi," Kamba akamwambia, akamvutia kiti. "Leo umeamua kunyoa?"

Fundi hakujibu karibu wala mzaha. Alipita pazia kama nyumba ni yake. Kamba akabaki ameshika kiti, amekasirika kidogo, maana hata kama ni jirani, adabu ni adabu. Ndipo akamfuata, akamkuta mkewe sakafuni kwenye maji ya sabuni, mguu umekunjika mahali ambapo mguu haukunjiki, macho mekundu.

"Kamanda," mkewe alisema, "nimekuita mpaka koo limeniuma."

"Hukuita," Kamba akasema.

Neno hilo lilimtoka papo hapo, na lilimtoka kwa moyo safi. Masikio yake alikuwa nayo, alikuja nayo duniani, na alikuwa macho, hakulala. Kama mtu angeita, angesikia. Mkewe alimtazama kwa muda, halafu akamtazama fundi, na fundi akainamisha uso akajifanya anafunga bomba. Kamba aliyaona yote hayo na hakuelewa hata moja.

Hilo jina la Kamanda, kwanza, lisikuchanganye. Kamba hakuwahi kuwa kamanda wa chochote. Cheo hicho alipewa na mkewe wiki ya harusi, kwa utani, na hakuna jeshi lililowahi kukitambua. Jeshini alikuwa mtu wa chini, kikosi cha mizinga, na huko walimwita Kamba kwa sababu ya kazi yake. Alisimama ubavuni mwa mzinga akiwa ameshika kamba ya kufyatulia, jicho kwa mkubwa wao. Amri kwa mdomo haikuwa na maana pale, maana kombora la kwanza likishatoka, maneno yote ni ya bure. Mkubwa aliinua mkono. Mkono ukishuka, Kamba anavuta. Wenzake waliziba masikio kwa vidole, lakini vidole vyake yeye vilikuwa na kazi, kwa hiyo alifungua mdomo wazi, akamwachia Mungu. Ujana wake wote aliutumia hivyo, akiungoja mkono wa mtu kwa pembe ya jicho.

Alipostaafu akaingia kwenye unyozi. Ni kazi ambayo mteja anakaa mbele ya kioo, uso wote wazi, na anasema yaleyale yaliyosemwa na mteja wa jana: punguza pembeni, ndevu usiguse, mpira umeuona? Kamba aliwajibu wote, alicheka panapochekwa, alisikitika panaposikitikiwa. Hakuna mteja aliyewahi kumwita kiziwi. Wengi walimsifu kwamba ni mtu anayekusikiliza akikutazama, si kama vinyozi wengine wanaokukata huku wamegeukia barabarani.

Binti yao alifika kesho yake. Ana duka la rangi za nyumba katika mji mwingine, safari ya siku nzima, na kila anapokuja kucha zake zina rangi isiyotoka. Alimkuta mama kitandani na plasta kutoka paja hadi kifundo cha mguu. Alilia kidogo, akanawa uso, akavuta kiti karibu na baba yake.

"Baba, niambie ukweli. Mama alikuita muda mrefu. Fundi amesikia akiwa nyumba ya pili, na cherehani inalia. Wewe ulikuwa hapa."

"Nilikuwa hapa. Hakuita."

"Baba!"

"Nasikia vizuri. Sasa hivi si nakusikia?"

Na kweli alimsikia. Binti alikaa mbele yake, taa juu ya uso, midomo inatembea. Kamba hakuona tatizo liko wapi.

"Basi nisikilize vizuri hivyohivyo," binti akasema. "Mama hawezi kuinuka. Akitaka maji, akitaka kwenda choo, akizidiwa, ataita. Nyumba hii inataka mtu wa kuitika. Nenda kapimwe masikio kwenye kliniki ya wastaafu wa jeshi. Kama ni ugonjwa, watakutibu, mama abaki. La sivyo, siku ya kukaguliwa plasta nakuja kumchukua. Atakaa kwangu mpaka apone. Akipona, tutaona."

Kamba alisema sawa, atakwenda, na akipimwa wote watamwomba radhi. Lakini lile neno "tutaona" lilimkaa rohoni kama mfupa wa samaki. Alijua binti yake. Vitu vingi nyumbani mwao vilikuwa vimeondoka kwa "tutaona" na havikurudi.

Kliniki ya masikio ilikuwa mwisho wa korido ndefu, nyuma ya hospitali, mahali pasipo na honi za barabarani. Kwenye mabenchi walikaa wazee tupu, migongo imenyooka, viatu vimepakwa rangi. Muuguzi alitoka mlangoni, akaita jina. Hakuna aliyesimama. Wote walitazamana, kila mmoja akimtegemea jirani yake asikie. Muuguzi akaita tena, halafu akacheka, akaja kumgusa bega mmoja wao. Inaonekana ndiyo kazi yake ya kila siku.

Mzee aliyekaa karibu na Kamba, mnene, aliyewahi kuendesha kifaru na sasa wote pale walimwita Sajini, alimgeukia uso kwa uso.

"Wako unaliaje?" Sajini akauliza.

"Wangu nini?"

"Mlio. Mimi nina jenereta. Halizimwi, mchana na usiku, na mafuta sijui linapata wapi. Yule mwenye kofia ana birika la chai. Yule wa dirishani anasema anasikia watu wakizungumza chumba cha pili, lakini huyo tunamtilia shaka."

"Mimi sina kitu. Nimekuja tu kuthibitisha."

Sajini akamtazama kwa huruma. "Ukikaa peke yako, pakiwa kimya kabisa, unasikia nini?"

"Nasikia kimya."

"Kimya chako kikoje?"

"Cha kawaida. Kinapiga mluzi."

Sajini alicheka mpaka akatoa leso. Alimgonga mwenye birika, akamweleza kwa vidole, na mwenye birika naye akacheka. Kamba aliwatazama akawaona wamerukwa na akili. Kimya ni lazima kipige mluzi. Mluzi mwembamba, wa juu, usiopumzika, ndivyo kimya kinavyosikika. Au wao chao kinasikikaje? Alitaka kuuliza, lakini aliona haya kuuliza swali la mtoto mdogo mbele ya watu wazima. Akanyamaza, na mluzi ukaendelea, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akawa anausikiliza. Ulikuwa mkubwa. Sijui alikuwa akiishi nao vipi.

Chumba cha kupimia kilikuwa kama kabati kubwa, kuta zimefunikwa sponji lenye vishimo, na dirisha moja la kioo. Mpimaji alikuwa msichana mpole mwenye miwani. Alimkalisha, akamvisha hedifoni, akamwonyesha kitufe.

"Ukisikia sauti, Mzee, hata iwe ndogo kama ya mbu, bonyeza. Usiposikia, tulia."

"Nimekuelewa, mwanangu."

Msichana akatoka, akafunga mlango mzito, akaketi upande wa pili wa kioo, ubavu kwa Kamba, mkono wa kulia juu ya mashine. Bega lake lilipanda kidogo, likashuka. Kamba akabonyeza. Likapanda, likakawia, likashuka. Kamba akabonyeza. Hakuna aliyemwambia atazame bega, na kama ungemuuliza angekuapia kwamba hatazami kitu. Alihisi ndani ya kichwa kitu kikilia, kwa sababu ndani ya kichwa chake siku zote kuna kitu kinalia, na kidole chake kilijua saa ya kubonyeza. Alitoka humo na jasho la mtu aliyefanya kazi nzuri.

"Hongera, Mzee," mpimaji akamwambia, na yeye mwenyewe alishangaa. "Wenzako wa mizinga huwa hawana bahati hii. Masikio yako ni ya kijana. Huhitaji kifaa cha kusikilia."

Kamba alirudi nyumbani kifua mbele. Alipita kwa fundi cherehani makusudi, akamtangazia. Akaingia ndani, akasimama miguuni pa kitanda cha mkewe kama mtu anayepokea nishani.

"Wamenipima kwa mashine. Nasikia kuliko vijana. Mpigie binti yako simu, mwambie."

Alingoja radhi. Mkewe aliukunja mtandio wake, akaukunjua. Kisha akasema polepole, na Kamba akayaona maneno yakitoka moja moja.

"Kwa hiyo ulinisikia."

"Nini?"

"Nililala kwenye maji, nakuita, na ulinisikia. Ukaendelea kufuta kioo chako."

Kamba alikuwa hajawaza hivyo. Njia nzima alikuwa akishangilia, na kumbe alichokibeba ni hati ya kumtia hatiani. Mkewe aligeukia ukutani, na kuanzia jioni hiyo akawa akitaka kitu anamtumia fundi cherehani, si mumewe.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko za vitani, kwa sababu vitani angalau unaambiwa adui yuko upande gani. Kamba hakujua amshuku nani. Mkewe si mwongo. Tangu wameoana hajawahi kumsingizia hata kijiko. Mashine nayo haina sababu ya kusema uongo. Alibaki yeye. Labda alisikia. Labda sauti ilifika, na kitu ndani yake, kitu kibaya asichokijua, kikaisukuma nje kama mtu anavyomfukuza kuku jikoni. Aliwahi kuona watu jeshini wakifanya hivyo, wakisikia kilio na kuendelea kula. Alianza kujiogopa. Alijitazama kwenye kioo chake na kumuuliza yule mle ndani, "Ulisikia?"

Alijaribu kujipima. Alimwomba mteja mmoja, dereva wa lori, apige makofi wakati yeye anamnyoa kisogo.

"Nipige makofi?"

"Piga, bwana, usiulize."

Dereva akapiga, akitazamana naye kwenye kioo. "Umesikia?"

"Nimesikia," Kamba akasema, moyo ukamshuka. Alitega saa ya mezani chini ya mto, akailalia. Mluzi ulipiga kabla haijalia, ulipiga ilipokuwa ikilia, kama ililia, na ulipiga baadaye. Aliinuka akiwa hajui hata kama saa ile ni nzima. Mwishowe alikwenda kusimama karibu na kitanda, akampa mkewe mgongo, akasema, "Tafadhali, niite. Mara moja tu, nione." Akangoja kwa muda mrefu, mikono nyuma. Alipogeuka alimkuta mkewe anamtazama, machozi yanatelemka. Hakujua kama ni machozi ya mtu aliyekataa kuita au ya mtu aliyeita.

Siku ya kukaguliwa plasta ikafika. Binti alikuja na gari la kukodi, akafunga nguo za mama kwenye begi la kijani, akaliweka mapajani pa mama aliyekuwa amekalishwa kwenye kiti cha magurudumu. Mpango ulikuwa wazi: hospitali, halafu safari. Kamba aliomba kuwasindikiza. Binti hakumkatalia, lakini hakumtazama usoni, na mtu asipomtazama Kamba usoni, Kamba anakuwa kama yuko peke yake.

Walipomaliza kwa daktari wa mifupa, Kamba alishika mpini wa kiti cha mkewe, akakisukuma kuelekea ile korido ndefu.

"Baba, tunachelewa," binti akasema, akimkimbilia mbele.

"Dakika chache. Naomba nipimwe tena. Nikionekana nasikia, mchukue mama yako, nami sitasema neno. Nitakuwa ni mtu mbaya, na mtu mbaya akae peke yake."

Binti akasimama kando, akawapisha.

Mpimaji alimkumbuka. Alimwambia hakuna haja, lakini alimwona yule mama na begi lake, akamwona yule binti anavyouma mdomo, akakubali. Akamfungia Kamba kwenye kabati lake la sponji. Kiti cha magurudumu akakiweka kando ya meza yake, kwa sababu koridoni kilizuia njia.

Bega likapanda, likashuka. Kamba akabonyeza. Huku anabonyeza alikuwa akiomba asibonyeze, na kidole kilikuwa hakimsikilizi. Aliona uso wa mkewe nyuma ya kioo. Alikuwa hamtazami msichana wala mashine. Alikuwa akimtazama yeye, macho yake, kama anavyomtazama mumewe anapomnyoa mteja. Mara msichana akanyoosha mkono kuchukua kikombe chake cha chai. Bega likashuka. Kamba akabonyeza.

Mkewe akamshika msichana mkono. Wakazungumza. Kamba aliona midomo ya mkewe kwa ubavu na haikusomeka. Msichana akatikisa kichwa, halafu akatulia, halafu akaweka mkono juu ya mashine, akaushusha mezani bila kugusa kitu. Kamba akabonyeza. Msichana akavua miwani.

Ndipo mkewe akavua mtandio wake, akaupitisha juu ya dirisha. Binti, aliyesimama nyuma ya kiti cha mama yake, akaushika pembe ya pili. Kioo kikawa kitambaa chenye maua.

Kamba alingoja. Kazi ya kungoja aliijua vizuri kuliko mtu yeyote hospitalini humo. Alikaa wima, kidole juu ya kitufe, mluzi unapiga. Alidhani wanajadiliana, wataanza sasa hivi. Alingoja zaidi. Labda mashine imeharibika. Alihesabu maua ya mtandio, akapoteza hesabu, akaanza upya. Hakuna kilichokuja. Polepole wazo likamwingia kwamba wameondoka: wamemfunika macho kwa kitambaa, wamemwacha ndani ya kabati, na gari liko njiani, mkewe amekwenda bila hata kwaheri. Akang'oa hedifoni, akausukuma ule mlango mzito kwa bega.

Wote watatu walikuwa palepale. Binti alikuwa analia kwa sauti, mdomo wazi kama alipokuwa mdogo.

"Mbona hamjaanza?" Kamba akauliza.

Mpimaji alimjia mbele kabisa, akamshika mikono yote miwili. "Nimemaliza, Mzee. Nimepiga sauti zote. Ya mwisho ni kubwa mpaka mama huku nje ameisikia kupitia mlango."

Kamba akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa kichwa wazi, nywele nyeupe zimetimka, anacheka na kulia kwa pamoja.

"Hukunisikia," alisema. "Kamanda wangu, hukunisikia!"

"Ndivyo nilivyosema," Kamba akajibu, akakaa chini sakafuni kando ya gurudumu la kiti. Furaha ilimjaa: hakuwa mtu mbaya, alikuwa kiziwi tu. Halafu hilo la pili likamfikia. Kiziwi. Tangu lini? Wale wateja wote, vile vicheko vyote, redio anayoifungua kila asubuhi? Alimuuliza mpimaji, na mpimaji akamwambia ni miaka mingi, labda tangu mizinga, kidogo kidogo, na kwamba macho yake yamefanya kazi ya masikio bila kumwambia mwenyewe. Kifaa kitamsaidia. Ule mluzi hautaondoka, ila akisikia sauti nyingine, utasogea nyuma kidogo umpishe.

"Mimi huwa nakuja mbele yako kwanza ndiyo niseme," mkewe akasema, kama anayejisemea. "Siku zote. Nilidhani wanajeshi ndivyo wanavyotaka kuheshimiwa."

Begi la kijani lilirudi nyumbani. Binti alifungua nguo za mama, akazipanga kabatini, akakaa siku kadhaa mpaka vifaa vilipotoka. Vilikuwa vijidude viwili vidogo, rangi ya ngozi, kimoja kila sikio. Mpimaji alimwonya Kamba kwamba mwanzoni atachanganyikiwa, na hakumdanganya. Barabara ilimtisha. Viatu vyake mwenyewe vilimfuata nyuma kama mtu wa pili. Alipofika nyumbani akagundua kwamba mlango wao unalia, kwamba mashine yake ya kunyolea, aliyoijua mkononi kama mtetemo tu, ina ukelele wa nyuki waliokasirika, na kwamba wateja wamekuwa wakiuvumilia kwa adabu.

Binti alimbusu mama yake, akaondoka. Kamba akaingia kwenye chumba chake cha unyozi. Alikuwa hana mteja. Akachukua gazeti, akalilowesha, akaanza kufuta kioo, na gazeti likalia kwenye kioo, kwi kwi kwi, akalisimamisha, akalisikiliza, akatabasamu peke yake.

Nyuma ya pazia mtu akakohoa. Kisha sauti ikasema kitu, sauti ya bibi kizee, nzito, yenye mikwaruzo, imechoka. Kamba hakuijua. Akadhani fundi cherehani ameleta mgeni kwa mlango wa nyuma, pengine mama yake mzazi kuja kumpa pole mgonjwa. Akaweka gazeti chini, akajipangusa mikono, akapita pazia ili amwamkie.

Chumbani hakuna mtu. Mkewe tu kitandani, mguu juu ya mto.

"Mgeni yuko wapi?" Kamba akauliza.

"Mgeni gani?"

Midomo ilikuwa ya mkewe. Sauti ilikuwa ya yule bibi kizee. Vilikuja pamoja, kwa wakati mmoja, kutoka mahali pamoja, na Kamba akashika ukingo wa kitanda. Alikuwa anaijua sauti ya mkewe. Alikuwa ameisikia jana, na juzi, na mwaka jana, nyororo, ina kicheko chini yake, sauti ya msichana wa wiki ya harusi. Kila mara midomo ile iliposogea, aliisikia hiyo. Sasa alielewa kwamba alikuwa akiitoa mwenyewe kichwani, miaka yote, akimvisha.

"Sauti yako," akasema. "Imekuwaje?"

Mkewe akamtazama, hakuelewa, halafu akaelewa. Alishika koo lake kwa mkono, kama mtu aliyekutwa hajavaa vizuri.

"Imezeeka, mume wangu. Imezeeka pamoja na mimi. Ndiyo hii niliyokuita nayo."

Kamba alikaa pembeni mwa kitanda. Yule msichana alikuwa ameondoka zamani, na hakuna aliyemwambia, na msiba wake ulimshika hapo kitandani, mchana kweupe, mbele ya mwenye sauti aliye hai. Alilia bila kuficha. Mkewe alimwacha alie. Alipomaliza, alisimama, akarudi mbele, akasimama pale alipokuwa amesimama siku ile. Akakigeuza kioo kikatazama ukuta.

"Niite," alisema kwa nguvu, mgongo kwa pazia.

Pakawa kimya kidogo, na mluzi ukapiga, mwembamba, kama kawaida yake. Kisha nyuma ya mluzi ikaja ile sauti nzito, ya mikwaruzo, ya mtu aliyelala asiyeweza kuinuka.

"Kamanda!"

"Naam," Kamba akaitika.

Akangoja kusikia anataka nini. Mkewe hakutaka kitu. Akamwita tena.